Gesi Imekwenda Wapi?

Mtu aliyewahi kunaswa katika msongamano wa magari wa Dar es Salaam wakati wa kaskazi, baina ya Desemba na Machi, jua la saa nane likiwaka juu ya bati na unyevu wa bahari ukiwa umetanda hewani hata jasho likakataa kukauka mwilini, hahitaji kuhubiriwa kwamba kiyoyozi cha gari si anasa ya matajiri. Mzee mwenye maradhi ya moyo anayepelekwa hospitali, mama aliyempakata mtoto wa siku saba, dereva wa teksi ambaye riziki yake imo katika kukaa nyuma ya usukani tangu alfajiri hadi isha, wote hawa hari huwatoa nguvu na kuwavuruga akili, na dereva aliyevurugika akili ni hatari kwa waendao kwa miguu pia. Thama katika masika, mvua inyeshapo kutwa na madirisha yamefungwa, ni kiyoyozi hichohicho kinachokausha hewa ya ndani na kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele, ili dereva aone kilichoko mbele yake; kwa hiyo asemaye kwamba baba zetu walifungua madirisha na wakafika salama, nami naiheshimu kauli yake, anakumbuka safari ambazo hazikuwa na foleni ya saa mbili nyuma ya lori linalofuka moshi mweusi.

Nimeanza kwa kukitetea kiyoyozi kwa sababu nataka kulalamikia dhuluma inayotendwa kwa jina lake, dhuluma ndogo ndogo inayojirudia kila siku katika gereji za miji yetu, hata imekwisha kuzoeleka na kuhesabiwa kuwa ni ada ya kawaida ya kumiliki gari. Kwa kila ugonjwa wa kiyoyozi, mji mzima umekubaliana juu ya dawa moja: kujaza gesi. Kibao cha rangi kando ya barabara husema hivyo, jirani husema hivyo, na fundi, kabla hajafungua boneti, amekwisha kunyoosha mkono kuuchukua mtungi. Mwenye gari hulipa, hupata baridi kwa majuma machache, kisha baridi hiyo humtoka kidogo kidogo, naye hurudi palepale kulipa tena, mithili ya mgonjwa anayeongezewa damu kila mwezi na tabibu asiyejishughulisha kulitafuta jeraha linalovuja.

Mimi mwenyewe nilikuwa mgonjwa wa namna hiyo. Miaka minne iliyopita nilinunua gari dogo la Kijapani lililokwisha kutumika huko kwao, na siku ya kulinunua muuzaji aliliwasha mbele yangu, akaniambia niweke kiganja mbele ya tundu la dashibodi, nami nikasikia baridi ya kupendeza, nikaridhika, nikalipa. Mwezi wa pili baridi ile ilikuwa imepungua. Mwezi wa tatu haikuwapo. Nilikwenda kwa fundi karibu na nyumbani, akajaza gesi kwa shilingi elfu sitini, ikadumu majuma sita. Nikarudi, akajaza tena, ikadumu majuma manne. Niliporudi mara ya tatu nilimwuliza swali ambalo leo naona nilipaswa kumwuliza siku ya kwanza, nikamwambia, "Fundi, hii gesi imekwenda wapi?" Naye akanijibu kwa upole na bila kusita, "Inatumika, bosi, kama mafuta tu." Nikasadiki. Sikuwa na ilimu ya kumpinga, wala sidhani kwamba alikusudia kunilaghai. Nadhani yeye naye aliambiwa hivyo na aliyemfundisha kazi, na aliyemfundisha aliambiwa hivyo na mwingine kabla yake.

Lakini neno lile si kweli, na kwa kuwa uongo huu ndio mzizi wa hasara yote, sina budi kuufafanua kwa urefu kidogo. Petroli huchomwa, ikawa moshi, ikatoka. Gesi ya kiyoyozi haichomwi wala hailiwi, bali huzunguka katika mabomba yaliyofungwa pande zote, na gesi iliyotiwa kiwandani Japani ndiyo hiyo inayopasa kuwamo garini miaka kumi baadaye. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huikandamiza gesi ikawa ya moto na yenye shinikizo kubwa. Gesi hiyo hupita katika kondensa, yaani ule wavu wa mabomba membamba ulio mbele ya rejeta, ikalitoa joto lake nje na kugeuka kuwa maji maji. Kisha hupita katika draya inayonyonya unyevunyevu. Halafu hupenyezwa katika tundu dogo mno la valvu, na shinikizo linapoanguka ghafula upande wa pili, ndani ya evapareta iliyofichwa nyuma ya dashibodi, maji maji yale huchemka na kuwa gesi tena, na kwa kuchemka kwake hunyonya joto la hewa inayopulizwa ndani ya gari. Gesi ya R134a, ambayo ndiyo iliyomo katika magari mengi tuliyonayo, huchemka kwa nyuzi 26 chini ya sifuri ikiwa katika hewa wazi, na siri yote ya kiyoyozi imo katika tabia hiyo. Baada ya kupoza, gesi hurudi kwenye kompresa kuanza safari upya, wala haipungui kwa sababu ya kazi iliyoifanya. Ni kweli kwamba mabomba ya mpira hupenyeza gramu chache kwa mwaka, na kwa hiyo gari la miaka mingi huweza kupungukiwa pasipo kuwa na ubovu wowote. Lakini gesi inayokwisha kwa majuma sita haikupenya, imetoka mahali penye ufa.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Tanga, mwenye karakana ndogo upande wa Ngamiani, ambaye nilifika kwake kwa bahati tu, nikiwa safarini na nimechoshwa na joto la njiani. Nilimkuta ameketi juu ya gurudumu kuukuu akifuta spana kwa kitambaa, nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari lina nini?"

"Gesi imekwisha. Naomba unijazie."

"Nani kakwambia imekwisha?"

"Kiyoyozi hakipozi, mzee."

"Kutopoza ni jambo moja, na kwisha gesi ni jambo jingine," alisema, akainuka. "Na gesi hailiwi, mwanangu. Ikiwa haimo, imetoka. Na ikiwa imetoka, ina mlango. Tuutafute mlango kwanza."

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba hakushika chombo chochote, bali aliniuliza maswali, na kila swali lilikuwa na maana yake ambayo alinieleza alipoona nasikiliza. Aliniuliza kama upepo unatoka kwa nguvu ila una joto, au unatoka kidogo ila una baridi. Kwa maana upepo mdogo wenye baridi si maradhi ya gesi kabisa, bali aghalabu ni chujio la hewa lililo nyuma ya kile kisanduku cha dashibodi upande wa abiria, ambalo wenye magari wengi hawajui hata kama lipo. Alisema amekwisha kutoa machujio yaliyojaa majani makavu ya miti isiyoota kwetu, yaani chujio ni lilelile lililotoka nalo Japani, na mwenye gari amejaziwa gesi mara nne juu ya chujio lililoziba. Aliniuliza kama gari hupoza likienda kasi na kupata joto likisimama kwenye taa. Kwa maana hiyo ni dalili ya feni ya kondensa isiyozunguka, au ya kondensa yenyewe kuzibwa na matope na wadudu, kwani gari likienda upepo wa njiani hufanya kazi ya feni, na likisimama hakuna wa kuifanya. Aliniuliza kama baridi huja, ikakatika, ikarudi. Kwa maana hapo huweza kuwa unyevunyevu umeingia ndani ya mabomba, ukaganda kuwa barafu kwenye tundu la valvu na kuliziba, kisha barafu ikayeyuka na njia ikafunguka. Mwisho aliniambia niwashe kiyoyozi, naye akainamisha sikio kwenye injini, akangoja ule mlio mfupi wa klachi ya kompresa inaposhika, na mlio haukuja.

Hapa aliniambia jambo ambalo napenda kila mwenye gari alijue. Katika mabomba yale mna swichi inayopima shinikizo, na gesi ikipungua kupita kiasi swichi hiyo huinyima kompresa umeme, kwa makusudi ya kuiokoa, maana mafuta yanayoilainisha kompresa huzunguka pamoja na gesi, na gesi ikiadimika mafuta nayo hayarudi. Sasa wapo mafundi ambao, wakikuta kompresa haishiki, huiruka swichi ile na kuunga waya moja kwa moja, kompresa ikazunguka, mwenye gari akafurahi. Nayo huzunguka hivyo, kavu, mpaka ijisage, na vumbi la chuma chake lisambae katika mabomba yote, hata valvu, draya na kondensa zikahitaji kubadilishwa pamoja nayo. Tatizo la elfu chache hugeuka kuwa la laki kadhaa, tena kwa mkono wa mtu aliyelipwa ili alitibu.

Baada ya maswali ndipo alipofunga geji zake mbili za shinikizo. Sindano zote mbili zilisimama chini sana, ilhali injini ikiwa imezimwa katika joto la nyuzi 30 hivi ya siku ile zilipasa kuwa sawasawa na kukaribia paundi 100. Nilidhani basi kwamba sindano zikisoma 100 gesi imetimia, naye akanirekebisha: maadamu ndani pamebaki gesi kidogo tu iliyo katika hali ya maji maji, sindano zitasoma vilevile, iwe imejaa au imebaki nusu, na kwa hiyo geji hazitoshi kumwambia fundi ni gesi kiasi gani iliyomo. Njia iliyo sahihi ni kuitoa yote na kuirudisha kwa mizani, kwa kufuata idadi ya gramu iliyoandikwa kwenye kibandiko kilicho chini ya boneti, ambayo kwa gari dogo aghalabu ni kati ya 400 na 500. Kuzidisha nako ni ubovu, kwa kuwa gesi iliyozidi hupandisha shinikizo, baridi ikapungua badala ya kuongezeka, na kompresa ikafanya kazi kwa mateso. Nilijaribu kukumbuka kama niliwahi kuona mizani katika zile mara tatu za mwanzo, nikakumbuka kwamba fundi wangu alikuwa akiutikisa mtungi kwa mkono na kusema, "Sasa imekaa."

Kisha mzee yule akaujaza mfumo wa mabomba hewa ya naitrojeni kutoka katika mtungi mrefu, akachukua brashi ya kupakia rangi na bakuli la maji ya sabuni, akaanza kupaka kila kiungo, polepole, bila kusema neno. Alikuwa amekwisha kuniambia mahali atakapoanzia, maana mafuta huvuja pamoja na gesi, na mahali penye uvujaji hushika doa la mafuta na vumbi. Doa hilo lilikuwapo mbele kabisa, mahali bomba linapoingia katika kondensa, mbele ya macho ya kila fundi aliyewahi kufungua boneti ile. Povu likaanza kuchomoza. Alipofungua kiungo kile akatoa mpira mdogo wa duara, mweusi, umekatika ukingoni, akaniwekea kiganjani na kuniambia kwamba si wa mahali pale, ni wa bomba la maji. Mtu fulani, Japani au huku, alifungua pale akaweka alichokuwa nacho. Chumvi ya hewa ya pwani nayo ilikuwa imeanza kula ukingo wa kiungo. Thamani ya mpira mpya ilikuwa shilingi elfu mbili, nami nilikuwa nimekwisha kulipa laki moja na elfu themanini kwa ajili ya ule wa zamani.

Hakujaza gesi papo hapo. Alifunga pampu ya vakyumu, akaiacha ivute hewa yote kwa dakika arubaini, akaeleza kwamba hewa ikivutwa kiasi hicho hata unyevunyevu uliojificha ndani huchemka bila moto na kutoka nje, kwa maana unyevunyevu ukikutana na gesi na mafuta hufanya asidi inayoyala mabomba kutokea ndani. Kisha akazima pampu, akaketi, tukanywa kahawa, huku akiitazama sindano kama ingepanda. Haikupanda. Ndipo alipoweka mtungi juu ya mizani.

Nimeeleza kwa urefu kwa sababu huo ndio ushahidi wangu, na kutokana nao nina hoja tatu nitakazo kuziweka mbele ya wasomaji, mafundi na wenye mamlaka.

Ya kwanza ni ya sisi tunaonunua. Magari yetu, yanayoshushwa kwa maelfu katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa, si mapya. Kenya imeweka mpaka wa miaka minane tangu gari kusajiliwa kwa mara ya kwanza, na Tanzania huyapokea hata yenye umri mkubwa zaidi kwa kuyatoza kodi ya ziada, kwa hiyo tunanunua mipira na mabomba yaliyozeeka, yaliyokaa kimya majuma mengi katika yadi na melini pasipo kiyoyozi kuwashwa hata mara moja, na kompresa isiyozungushwa hukaukiwa na mafuta kwenye mpira wa shingo yake, ukaanza kuvuja. (Hii ndiyo sababu wale wenye desturi ya kutokiwasha kabisa kiyoyozi ili kuokoa petroli hukiua kwa kukihurumia, dakika kumi kwa juma zinatosha kukiweka hai.) Baridi ya siku ya mauzo haishuhudii lolote zaidi ya kwamba siku hiyo gesi ilikuwamo. Anayetaka kununua na afungue boneti atafute doa la mafuta kwenye viungo na kwenye kondensa, aendeshe gari na kulisimamisha juani robo saa injini ikiwa inawaka, na amwulize muuzaji waziwazi ni lini lilijazwa gesi mara ya mwisho. Muuzaji aliyejaza gesi asubuhi ili auze jioni, akajua kwamba inavuja, amemficha mnunuzi aibu ya bidhaa, na jambo hilo halina jina jingine ila udanganyifu.

Ya pili ni ya mafundi, nami nawasemea kwa heshima, kwa sababu wengi wao ni vijana waliojifunza kazi kwa macho, na bila wao magari yetu yangekuwa mabati matupu. Kazi yao sasa imekuwa na mambo ambayo macho peke yake hayatoshi kuyafundisha. Magari ya haibridi kama Prius na Aqua yamejaa barabarani, na kompresa zake nyingi huzungushwa kwa umeme wa nguvu kubwa badala ya mkanda. Mafuta ya kawaida ya kompresa, yakitiwa humo, hupitisha umeme na kuharibu kinga ya nyaya zake, na gari zima huweza kukataa kuwaka kwa sababu ya vijiko viwili vya mafuta yasiyo yake. Magari mapya zaidi nayo yanakuja na gesi nyingine, R1234yf, yenye tabia ya kushika moto kidogo, isiyopasa kuchanganywa na ya zamani. Na mitungi yenyewe si yote ya kuaminiwa. Mwaka 2011 makontena ya baridi yasafirishayo vyakula baharini yalilipuka na kuua watu watatu, kwa sababu yalikuwa yametiwa gesi ya bandia iliyojidai kuwa R134a, ambayo ndani yake mlikuwa na kemikali inayokorofishana na aluminiamu. Na kondensa na evapareta za magari yetu ni za aluminiamu. Wako pia wanaotia gesi ya kupikia kwa kuwa ni rahisi na inapoza vizuri, na kweli inapoza. Lakini ikivuja kwenye evapareta, inavuja mbele ya magoti ya abiria, na cheche moja yatosha.

Ya tatu inatuhusu sote, hata asiyekuwa na gari. Gesi inayotoka haiendi mahali pa kupotea. Zamani viyoyozi vya magari vilitumia R12, na mwaka 1974 wataalamu wawili, Mario Molina na Sherwood Rowland, walionyesha kwamba gesi za ukoo huo hupanda juu sana na kuliharibu tabaka la ozoni linalotukinga na ukali wa jua. Kutokana na ilimu hiyo ulipatikana Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, na R12 ikaachwa katika magari mapya. R134a iliyochukua nafasi yake haidhuru ozoni, ila ina nuksani nyingine, kwamba kilo yake moja huipasha dunia joto mara 1,430 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa katika muda wa miaka mia. Hesabu ni nyepesi: gramu 420 zilizotoka katika gari langu dogo ni sawa na kilo 600 hivi za hewa ya ukaa, kiasi ambacho gari lingehitaji kuchoma karibu lita 260 za petroli ili kukitoa, nami niliziachia zitoke mara tatu bila kusafiri popote. Fundi anayebonyeza kidole kwenye mdomo wa bomba ili amwage gesi iliyobaki, watoto wakifurahia mlio wake na moshi mweupe, hajui kwamba anaipasha dunia joto.

Ni hapa kwetu Afrika Mashariki, mjini Kigali, Oktoba 2016, mataifa yalipokubaliana kuzipunguza gesi za namna hii hatua kwa hatua, na nchi nyingi zinazoendelea zikaahidi kuanza kwa kusimamisha ongezeko lake mwaka 2024 na kushuka mpaka zimepunguza asilimia 80 ifikapo 2045. Ahadi hiyo haitatimizwa katika kumbi za mikutano, itatimizwa au kuvunjwa chini ya miembe inayofanyiwa kazi za gereji. Mashine ya kuivuta gesi kutoka katika gari na kuihifadhi katika mtungi ni ghali mno kwa fundi mmoja, na kumlaumu kwa kukosa asichoweza kukinunua si insafu. Lakini mafundi kumi wa mtaa mmoja huweza kuwa na mashine moja, kama wanavyoshirikiana mashine ya kuchomelea, ikiwa serikali itaiondolea ushuru na vyuo vya ufundi stadi vya VETA vitawafikia mafundi palepale mitaani badala ya kungoja waje madarasani na kuacha riziki ya siku. Fauka ya hayo nataka pawe na risiti. Fundi akitibu kiyoyozi na aandike alipokuta uvujaji, alivuta hewa kwa muda gani, na alitia gramu ngapi za gesi gani. Na asiyeweza kuandika mstari wa kwanza asiruhusiwe kutoza fedha kwa ule wa tatu.

Nakiri kwamba hata fundi mwaminifu hawezi kila mara kuuona mlango wa gesi. Evapareta ikitoboka imefichwa nyuma ya dashibodi, na kuifikia ni kazi ya kutwa nzima ya kufumua gari, na mtu mwenye kipato kidogo huweza kuamua kwa hiari yake kwamba hana uwezo huo mwaka huu. Huyo na aamue hivyo, huku akijua anachoamua. Ninalolikataa ni kumwuzia gizani.

Mzee wa Ngamiani hakuwa na kitabu cha risiti. Aliandika kwa kalamu ya risasi juu ya kipande cha boksi la spea, nami nimekiweka hadi leo ndani ya kisanduku cha dashibodi, mbele ya chujio alilonisafishia bila ya kunidai: "Mpira wa kondensa, mpya. Vakyumu dk. 40, haikupanda. R134a gramu 420. Ikikwisha tena, uniulize mimi." Kaskazi tatu zimepita tangu siku hiyo, na sijapata sababu ya kumwuliza.